Homa ya Uti wa Mgongo, na Usiku Mmoja wa Kungoja

Usiku mmoja tuliitwa nyumbani kwa jirani. Mtoto wake wa miezi minane alikuwa na homa siku ya tatu, hataki ziwa, naye alilia kila aliposhikwa. Utosi wake ulikuwa umetuna. Wazee waliokuwapo wakasema, "Ni dege huyo. Msimpeleke hospitali, sindano itamwua." Wakamfukiza, wakangoja kupambazuke. Asubuhi alipofikishwa kwa daktari alitibiwa, akapona; walakini masikio yake hayasikii hata leo. Kwa ajili ya usiku ule mmoja twaandika habari hizi.

Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na ngozi nyembamba. Viini vya ugonjwa vikifika hapo, mara nyingi kwa njia ya damu, ngozi ile huvimba na ubongo hubanwa ndani ya fuvu. Huu si uchawi wala dege, maana viini vyenyewe mara nyingi huonekana kwa darubini katika maji yatolewayo mgongoni.

Je, ni viini gani? Na tuitazame nchi ya Malawi, ambako virusi vya ukimwi vimeenea sana, na ambako madaktari wa hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre wameuchunguza ugonjwa huu miaka mingi. Kiini kimoja ni nyumokoka, ambacho huleta pia kichomi. Hukaa puani na kooni mwa watoto wengi wasio wagonjwa. Cha pili ni himofilasi, ambacho zamani kiliwashika sana watoto wadogo. Cha tatu ni salmonela, ila si ile ya homa ya matumbo. Huwapata hasa watoto wachanga, na wale waliodhoofishwa na malaria, upungufu wa damu au utapiamlo. Tena kuna kifua kikuu, ambacho mtoto hukipata kwa mtu akohoaye nyumbani. Uko na ukungu uitwao kriptokoka, lakini huo huwapata zaidi watu wazima kuliko watoto.

Sasa, virusi vya ukimwi vyaingiaje katika habari hii? Mwili una walinzi wake ndani ya damu, kama boma lililo na askari langoni. Virusi huwaua askari hao kidogo kidogo. Nyumokoka iliyokaa kooni bila kudhuru huona lango li wazi, ikaingia katika damu, na kutoka damuni ikafika kwenye ubongo. Ndiyo sababu mtoto mwenye virusi hushikwa kwa urahisi kuliko wenzake, naye akiisha kupona aweza kushikwa tena.

Lakini msikate tamaa, kwa kuwa lango laweza kufungwa. Malawi ilianza kuwachanja watoto dhidi ya himofilasi mwaka 2002, na dhidi ya nyumokoka mwaka 2011. Kenya ilianza chanjo hizo mwaka 2001 na 2011. Baada ya chanjo ya himofilasi, ugonjwa uletwao na kiini hicho ulipungua mno. Mwaka 2011 Malawi ilianza pia kumpa kila mama mjamzito mwenye virusi dawa za kutumia maisha yake yote, hata kama ana nguvu, ili mtoto asiambukizwe. Na huko Zambia, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha faida ya dawa rahisi ya kotrimoksazoli kwa watoto wenye virusi: katika kila 100 waliopewa walikufa 28, na katika kila 100 wasiopewa walikufa 42.

Basi, mama asione haya kupima damu yake, wala baba asimwache aende peke yake. Aibu ya wakubwa isiwe mzigo wa mtoto.

Zijueni dalili. Mtoto mkubwa huumwa kichwa, hutapika, huogopa mwanga, na shingo yake hukakamaa. Mtoto mchanga huenda asikakamae shingo: hukataa ziwa, hulegea, hulia sana, hushikwa na degedege, au utosi wake hutuna. Dalili nyingine hufanana na za malaria; kwa hiyo msikae nyumbani mkikisia, mpelekeni saa ile ile.

Na ile sindano ya mgongoni? Wengi husema yaua. Sivyo. Huchomwa chini ya mahali unapoishia uti wenyewe, ili kutoa maji kidogo na kukijua kiini. Watu huona mtoto amechomwa, kisha amekufa, wakailaumu sindano. Kumbe aliyemwua ni ugonjwa ulioachwa siku tatu bila dawa.

Nanyi walimu, tuna neno kwenu. Mtoto akirudi shuleni baada ya homa hii, naye akiitwa haitiki, msimwadhibu mkidhani ni mkaidi. Simameni nyuma yake, mwiteni kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, mwiteni mzazi wake, apelekwe kupimwa masikio. Na tangu siku hiyo mkalisheni mbele, aione midomo yenu msemapo. Mtoto wa jirani yetu hukaa mbele sasa, naye ajua kusoma.