Kishingo, Kuchi na Kienyeji: Majina ya Kuku wa Nyama katika Machakos

Anunuaye kuku sokoni Machakos hulipia jina kabla ya kulipia nyama. Aitwaye kuku wa kienyeji (au kuku ya kienyeji, kama wasemavyo wengi wa bara huku walimu wao wakikunja uso) humgharimu zaidi ya broila mwenye uzito ule ule. Makala haya yanakusudia kuchunguza majina ya namna hii yanataja nini hasa: mbari, umbile, umri au mwenendo. Suala hili haliwahusu watunga kamusi peke yao. Mfugaji achaguaye jogoo wa mbegu kwa kufuata jina aweza kuvuna asichokitarajia.

Yafaa kuanza na majina ya umbile. Kishingo ni kuku asiye na manyoya shingoni. Kibwenzi ana kishungi kichwani. Kibete ana miguu mifupi. Ni desturi kuyafafanua maneno haya kuwa ni "aina ya kuku", na neno aina, kwa upana wake, huficha tatizo. Kimofolojia, majina hayo yamo katika kundi moja na kipofu, kiziwi na kibogoyo: kiambishi ki- humtaja kiumbe kwa alama ya mwili wake, na upatanisho hufuata uhai. Husemwa kishingo ametaga, kama isemwavyo kiziwi amefika. Hakuna adhaniye kwamba vibogoyo ni kabila.

Katika jambo hili elimu ya urithi inakubaliana na sarufi. Shingo tupu hutokana na jeni moja iliyo tawala. Kuku aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huwa na shingo tupu kabisa; aliyeirithi kwa mzazi mmoja husaliwa na kishada cha manyoya upande wa mbele wa shingo. Huyu wa pili akipandana na kuku wa kawaida, takriban nusu ya vifaranga huwa vishingo na nusu iliyobaki si vishingo. Ndugu wa kiota kimoja hawawezi kuwa wa mbari mbili, ikiwa mbari ni kundi ambalo wazazi wake wakipandana wao kwa wao huzaa wanaofanana nao. Pamoja na hayo, alama hii ina faida yake. Uchache wa manyoya humpunguzia kuku joto, na chakula ambacho kingeotesha manyoya hujenga nyama. Mfugaji wa Masinga au Yatta, kwenye nyanda za chini zenye joto, ana sababu njema ya kumpenda kishingo, mradi asidhani amenunua mbari.

Kuchi ni habari nyingine. Kuku huyu mrefu, mwenye kifua kipana na ugomvi mwingi, anajulikana sana Lamu na katika pwani ya Tanzania, na uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha ukaribu wake na kuku wapiganaji wa Asia ya Mashariki. Mzao wa kuchi na kuchi ni kuchi. Hapa jina linataja nasaba, na kamusi ingepaswa kulitenga na kishingo.

Kienyeji ndilo neno gumu kuliko yote. Tangu mwaka 1976 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, iliendesha mpango wa maendeleo ya kuku ambamo wafugaji walibadilishiwa majogoo yao kwa majogoo ya kigeni. Damu ikachanganyika. Baadaye watafiti wa serikali huko Naivasha walitoa kuku waitwao "kienyeji walioboreshwa", na madukani wakaingia Kuroiler wa India na Sasso wa Ufaransa, ambao wengi huwauza kwa jina lile lile la kienyeji. Rangi haitoshi kuwatenga, maana nao wana rangi nyingi. Dalili iliyo bora ni kuatamia: mtetea wa kienyeji hulalia mayai siku 21 bila kushurutishwa, ilhali hao wengine kwa kawaida wamepoteza tabia hiyo. Tena Kuroiler ni zao la kuchanganya koo mbalimbali. Ahifadhiye mayai yake hupata vifaranga wasiolingana na wazazi. (Kideri, kwa upande wake, hakibagui: huua wote wasiochanjwa.)

Je, neno kienyeji limeharibika? La. Ki- hii si ile ya kishingo. Ni ile ya kifalme na kizungu, ielezayo namna. Kuku wa kienyeji ni yule anayeishi kienyeji: hutembea, huparura, hukomaa polepole, na nyama yake ni ngumu yenye ladha. Mnunuzi wa Machakos hulitumia hivyo. Wanaokosea ni wale walifasirio kama jina la nasaba.

Kiswahili kina pia ngazi za umri: kifaranga, kisha pora kwa dume na tembe kwa jike, ndipo jogoo na mtetea. Ngazi hizo zilimfaa mfugaji wa nyama, kwani pora ndiye aliyechinjwa kwanza, na wa kienyeji huchukua miezi mitano au zaidi kufikia uzito wa kuchinjwa. Broila hufikia kilo 2 hivi kwa majuma sita. Kwa umri angali kifaranga, kwa uzito ni kuku mzima, naye huchinjwa kabla hajawa pora wala tembe.