Mvua Ndani ya Kayamba

Kwaya nyingi hapa Arusha hushika mapigo kwa kayamba, na wengi tumeizoea kama ala ya mdundo tu. Ukiiinamisha polepole badala ya kuitikisa, mbegu zilizomo kati ya mabua yake huteremka kwa mchakacho ambao sikio hulitaja jina lake papo hapo: mvua. Kufanana huko si kwa bahati. Kitu cha kawaida huiga vizuri sauti ya asili pale kinaporudia utaratibu unaoizaa, na msanii anayeufahamu utaratibu huo anaweza kutengeneza mvua, upepo au usiku wa kijijini kwa vitu vya jikoni.

Mvua inayopiga mabati ya Ngarenaro ni maelfu ya migongano midogo, kila tone likitua kwa wakati wake bila kusubiri jingine. Mbegu za kayamba hufanya hivyo hivyo. Mwaka 2011, watafiti Josh McDermott na Eero Simoncelli walichapisha nchini Marekani utafiti ambamo kompyuta ilianza na kelele tupu, kisha ikaipa kelele hiyo sifa za jumla za sauti ya mvua, moto au wadudu. Wasikilizaji walizitambua nyingi bila shida. Maana yake, sikio halihesabu matone. Linapima wingi wao, wembamba wa sauti zao na jinsi zinavyosambaa. Mfano wa nyenje unanivutia zaidi. Dume ana safu ya vijino kwenye bawa moja, naye hukwaruza vijino hivyo kwa ukingo wa bawa la pili. Pitisha ukucha kwa haraka kwenye meno ya kichana cha plastiki na utakuwa umefanya kazi ile ile ya mdudu, ingawa kwa sauti nzito zaidi, kwani meno ya kichana yameachana mno.

Wapo watakaouliza kuna haja gani, ikiwa simu inarekodi mvua yenyewe. Rekodi ina manufaa yake, lakini hiyo ni mvua moja iliyokwisha kunyesha, na haimngojei mwigizaji aliyechelewa kutamka neno lake jukwaani. Mwenye kopo la mchele mkononi humsikiliza mwenzake, akapunguza manyunyu au akayageuza dhoruba. Pingamizi zito zaidi ni kwamba njia hii ina mpaka, na nalikubali. Katika utafiti ule ule, sauti zenye mapigo au tuni hazikuigika vizuri. Kwa hiyo mngurumo wa mbega weusi na weupe katika misitu ya Mlima Meru hautapatikana kwa kutikisa chochote; una mfuatano wake, unaodai pumzi na koo la mtu aliyeusikiliza kwa makini. Hata kwenye mvua usikivu huo unahitajika. Mchele ukimwagwa juu ya kipande cha bati, unapata mvua ya mjini. Mchezo ukihamia kwenye migomba ya Tengeru, bati litamdanganya mtazamaji anayetoka huko: afadhali kutandaza jani bichi la mgomba na kudondosha punje chache chache, maana kule tone hupiga jani la juu kwanza, kisha hudondokea la chini likiwa kubwa zaidi na limechelewa.