Biashara ya kijamii kwa jicho la sosholojia: Funzo kutoka Kilimanjaro

Biashara ya kijamii huuza bidhaa au huduma kama biashara nyingine yoyote, ila faida yake haiishii mifukoni mwa wenye hisa. Sehemu kubwa hurudishwa ili kutatua tatizo la jamii, liwe ni ukosefu wa ajira, mtaji, au bei duni anayopewa mkulima na walanguzi. Vyama vya ushirika na benki zinazowakopesha maskini huwekwa katika kundi hilo. Katika nchi za Afrika Mashariki jambo hili limepewa uzito mkubwa, na hapa Burundi vyama vya ushirika vya Sangwe vimeanzishwa milimani ili wananchi wazalishe na kuuza kwa pamoja.

Biashara ya namna hii inapotathminiwa, kwa kawaida huulizwa imeingiza fedha kiasi gani na imewafikia watu wangapi. Wanasosholojia, yaani wataalamu wa elimu ya jamii, huanza na maswali yanayotangulia hayo. Watu hawa walioweka mali yao pamoja wanaaminiana kwa sababu gani? Imani hiyo waliipata wapi? Na ni nani aliyeachwa nje ya duara lao?

Mkataba peke yake hautoshi

Maswali hayo yana historia ndefu. Mwaka 1893 Mfaransa Émile Durkheim, mmoja wa waasisi wa sosholojia, alieleza kwamba mkataba hausimami kwa nguvu zake wenyewe. Nyuma ya sahihi mbili kuna desturi, sheria na maadili ambayo jamii ilikuwa nayo kabla ya wawili hao kukutana. Mwaka 1944 Karl Polanyi aliandika kwamba kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu shughuli za uchumi zilikuwa zimefungamana na undugu, dini na utawala, na kwamba kuzitenga na jamii ni jambo la karibuni lenye hatari zake.

Mwaka 1985 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter aliongeza tahadhari muhimu. Alikubali kwamba watu hupendelea kufanya biashara na wale wanaowafahamu, kwani kufahamiana huzaa kuaminiana. Hata hivyo, alionya kwamba kuaminiana huko huko humpa mdanganyifu nafasi kubwa zaidi. Mwizi asiyejulikana huvunja mlango. Mweka hazina anayeaminiwa hukabidhiwa ufunguo.

Kahawa ya Wachagga

Kwa kuyapima mawazo hayo, Tanzania ina mfano ulio wazi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga walianza kulima kahawa kwa wingi katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza. Walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba katika eneo hilo hawakufurahia. Walidai kwamba kahawa ya Waafrika ingeeneza magonjwa na wadudu, na walitaka kilimo hicho kizuiwe. Mwaka 1925 wakulima walijibu kwa kuunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, na Joseph Merinyo akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ilichukuliwa na muungano wa vyama vya ushirika unaojulikana hadi leo kwa kifupi KNCU.

Mwanauchumi akiitazama KNCU ataona faida ya kuuza kwa wingi: mkulima mmoja mwenye magunia mawili hana sauti mbele ya mnunuzi, lakini maelfu wakiuza pamoja wanaweza kujadili bei. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayaelezi kwa nini maelfu hao walikubali kumkabidhi karani mazao yao na kungoja malipo.

Jibu la mwanasosholojia linaanzia shambani. Familia nyingi za Kichagga ziliishi kwenye vihamba, mashamba ya ukoo yanayorithiwa, ambapo kahawa ilipandwa chini ya kivuli cha migomba. Koo zilichimba mifereji ya kuleta maji kutoka mlimani, zikaitunza kwa kazi za pamoja na kugawana maji kwa zamu. Aliyekwepa zamu yake ya kazi alijulikana, na jina lake lilisemwa. Ushirika wa kahawa ulipokuja, uliwakuta watu waliokwisha kuzoea kudaiana na kuwajibishana. Haukuiumba imani hiyo. Uliikuta, ukaiazima na kuitumia sokoni.

Imani ilipogeuzwa amri

Deni hilo lilionekana mapema. Serikali ya kikoloni ilipowalazimisha wakulima kuuza kahawa yao kupitia KNCU pekee, manung'uniko yalikua hadi mwaka 1937 yakazuka machafuko dhidi ya utaratibu huo. Chama kilichozaliwa ili kumtetea mkulima kilianza kuonekana kuwa mkono wa serikali. Kahawa ilikuwa ile ile na majirani walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kwamba hiari ilikuwa imegeuka kuwa amri.

Pigo kubwa zaidi lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivunja miungano ya vyama vya ushirika nchini kote. Miungano hiyo ilikuwa imelaumiwa kwa uzembe na ufisadi, lawama ambazo katika sehemu nyingi zilikuwa na msingi. Kazi zake zilikabidhiwa vijiji na mamlaka za mazao zilizokuwa chini ya serikali. Utaratibu huo mpya haukuleta nafuu iliyotarajiwa, na mwaka 1982 sheria nyingine iliruhusu vyama hivyo kuundwa upya.

Majengo yalikuwepo na majina yalirudishwa. Imani, hata hivyo, hairudishwi kwa tangazo. Mkulima aliyeona chama chake kikiundwa kwa amri, kikivunjwa kwa amri na kufufuliwa kwa amri ana sababu ya kukiona kuwa ni mali ya mtu mwingine. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia vijijini katikati ya miaka ya 1990, wakulima wengi waliwauzia wao, kwa kuwa walilipa taslimu papo hapo. Kungoja malipo ni tendo la imani, na imani hiyo ilikuwa imepungua.

Anayelipa gharama ya kuaminiana

Somo jingine linatoka mbali zaidi, Bangladesh, kwenye mfano wa biashara ya kijamii unaotajwa kuliko yote duniani. Benki ya Grameen, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1983 na Muhammad Yunus, iliwakopesha maskini wasio na rehani, wengi wao wanawake, ikiwapanga katika vikundi vya watu watano. Mwaka 2006 benki hiyo na mwanzilishi wake walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Miaka mitano baadaye, mwanaanthropolojia Lamia Karim alichapisha utafiti wake kuhusu mikopo midogo nchini humo. Alieleza kwamba mwanamke wa kijijini hakuwa na shamba la kuweka rehani, ila alikuwa na heshima yake. Aliposhindwa kulipa, wenzake na maofisa wa mkopo walimshinikiza kwa aibu mbele ya majirani, huku mara nyingi fedha zenyewe zikiwa zimetumiwa na mumewe. Vitabu vya hesabu vilionyesha mikopo ikirejeshwa vizuri. Havikuwa na safu ya kuandika ujirani uliovunjika.

Ukirudi Kilimanjaro na swali hilo hilo, picha inabadilika kidogo. Wanawake walifanya sehemu kubwa ya kazi ya kuchuma na kutayarisha kahawa, lakini uanachama na malipo vilimfuata mwenye kihamba, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamume. Kile kilichoitwa sauti ya wakulima kilikuwa, kwa miaka mingi, sauti ya nusu yao.

Maswali ya kuuliza nyumbani

Kwa wasikilizaji wetu wanaozungumza Kiswahili, jambo hili si la vitabuni tu. Katika mitaa kama Buyenzi, jijini Bujumbura, wengi wanaishi kwa gereji, ushonaji na uchuuzi, na hawana shamba la kuwaingiza katika ushirika wa mazao. Wao pia wana hazina yao ya kuaminiana: michango ya misiba na arusi, na ule utaratibu wa kuchangiana fedha kwa zamu ambao Watanzania huuita upatu na Wakongo likelemba. Ni juu ya misingi kama hiyo ambapo biashara ya kijamii inaweza kujengwa, na ni misingi hiyo hiyo inayoweza kuharibiwa nayo.

Kwa hiyo mradi unapoletwa mtaani, yapo maswali ambayo kila mwananchi anaweza kuyauliza kabla ya kutoa mchango wake. Je, watu hawa walikuwa wakisaidiana kabla ya fedha kuja, au fedha ndizo zilizowakutanisha? Mwanachama asiyeridhika anaweza kujitoa bila kutengwa na majirani? Nani anasoma hesabu, na husomwa kwa lugha ambayo wanachama wote wanaielewa? Mkopo ukishindikana, atakayeaibika ni nani? Na wanawake, vijana na wageni wa mtaa wamo katika orodha ya wanachama, au wamo katika orodha ya wafanyakazi pekee?

Maswali hayo hayahitaji shahada ya chuo kikuu. Ni yale yale ambayo wakulima wa Kilimanjaro walianza kuyauliza katika miaka ya 1930, pale walipoona chama chao kikiondoka mikononi mwao.