Kabla Hujamwita Mpaka Rangi

Wahenga walisema ya kale hayanuki. Aliyeyasema hayo hakuwahi kukaa ndani ya MGB. Gari hili la Kiingereza, viti viwili na paa la turubai, hunuka petroli, oili ya injini na ngozi iliyokaangwa na jua. Ukiliwasha asubuhi hapa Milimani, Nakuru, jirani hutoka hadi langoni na swali lake la kila siku: "Mzee, hili utalipiga rangi lini?"

Silipigi. Gari ambalo halijawahi kuvuliwa hadi bati tupu na kuundwa upya ni ushahidi. Rangi ya kiwandani iliyopauka, mshono wa kiti uliokatika upande anaoingilia dereva, alama za spana za fundi aliyekwisha kufariki: vyote hivyo vinasimulia gari lilivyotumika. Magari ya MGB yalitengenezwa kule Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, na yalizidi 500,000, kwa hiyo duniani si adimu. Huku kwetu hesabu ni nyingine. Kanuni za Kenya haziruhusu mtu wa kawaida kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, basi ukiona moja lenye namba ya zamani, ile isiyo na herufi ya mwisho, ujue limezeekea hapa hapa, kwenye vumbi letu. Pale Nairobi yapo mashindano ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970, na usafi wa magari ya pale ni kazi ya kuheshimiwa. Mimi napenda gari lenye makunyanzi.

Ila kuacha rangi ya zamani si kuacha matunzo, na matunzo yanaanzia mahali usipopaona. MGB halina chesisi ya kujitegemea kama lori au Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kwa kuwa halina paa la bati, mzigo mkubwa unabebwa na maboksi mawili ya bati yanayopita chini ya milango. Kila boksi lina tabaka la nje, la ndani na bati jingine katikati. Matundu ya kutolea maji yakizibwa na vumbi la Nakuru, ambalo ni laini kama unga, mvua ya kwanza hugeuza vumbi kuwa tope na kutu huanza kula kutoka ndani, huku nje rangi ikicheka. Vumbi hilo hilo hujificha juu ya magurudumu ya mbele, nyuma ya mbawa.

Kupima ni rahisi. Tazama mwanya kati ya mlango na bodi, kisha inua gari kwa jeki katikati, mlango ukiwa umefungwa. Mwanya ukibadilika au mlango ukakataa kufunguka, mifupa imelegea. Pitisha na sumaku chini ya mlango. Isiponasa, unaangalia puti, si bati. Gari la namna hiyo linahitaji mchomeleaji hata kama rangi yake inang'aa. Ikiwa bati ni zima, zibua matundu kwa waya, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi, na uache sura ilivyo. Nakuru ina bahati: hatuna chumvi ya hewani inayomaliza magari ya Mombasa.

Sasa hewa. Tuko zaidi ya mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko ya Menengai, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 17 kuliko ya pwani. Injini ya MGB, ya sentimita za ujazo 1,798, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi zipatazo 95. Hapa utabaki na chini ya 80. Ukipandisha Mau Summit na matatu ikakupita, usimlaumu fundi.

Unaweza kumlaumu kwa kabureta. MGB lina kabureta mbili za SU, kifaa ambacho bado nakistaajabia kwa wepesi wake. Injini inapovuta hewa, pistoni ndani ya kabureta hupanda na kuinua sindano iliyochongoka kutoka kwenye tundu la petroli. Kadiri inavyopanda ndivyo petroli inavyopita kwa wingi. Kasoro ni kwamba inapima zaidi ujazo wa hewa kuliko uzito wake. Hewa nyepesi ya Milimani inapewa petroli nyingi mno, na plagi zinatoka nyeusi tii kwa masizi.

Kwa magari ya awali, tiba iko chini ya kabureta: nati ya pembe sita. Ukiizungusha kwenda juu, petroli inapungua. Zungusha pembe moja tu kwa wakati, kabureta zote mbili sawasawa, injini ikiwa imepata moto. Kisha inua pistoni kidogo sana, kama milimita moja. Mngurumo ukipanda na kubaki juu, petroli bado ni nyingi. Injini ikitaka kuzima, umeipunja. Ikipanda kidogo halafu ikatulia, umefika. Wazee wa jua kali hufanya haya kwa sikio peke yake. Ukiteremka Mombasa, rudisha nati, la sivyo injini itakosa petroli na kuchemka.

Na hapa maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kisichoshika presha ni hatari kuliko kinavyoonekana. Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikilinda vikalio vya vali, ilikwisha katika nchi zetu kufikia mwanzoni mwa 2006. Pima nafasi za vali mara kwa mara, na zikiendelea kupungua, weka vikalio vigumu. Magari ya kabla ya mwishoni mwa 1967 yana betri iliyofungwa kinyume na mazoea, chanya kwenye bodi, kwa hiyo usimruhusu mtu afunge redio kabla ya kuangalia. Kwenye breki sina huruma na uasili: mipira na mabomba ya mpira yabadilishwe yote, na ya zamani yahifadhiwe kwenye kasha.

Kama liko moja kwenye gereji ya marehemu babu yako, iwe Milimani, Njoro au Gilgil, piga picha ya kibati cha namba ya chesisi uilinganishe na ya kwenye logbuku, kisha upime mwanya wa milango. Msasa ukae dukani kwanza.