Dirisha la Mipangilio na Kiswahili cha Unguja

Mistari myekundu inayojaa chini ya maneno yako ya Kiswahili kwenye kompyuta si ushahidi kwamba hujui kuandika. Ni programu inayopima Kiswahili kwa kamusi ya Kiingereza, kwa sababu hakuna aliyeiambia vinginevyo. Wanafunzi wanaochapa kazi zao kwenye steshenari za mjini wameizoea mistari hiyo kiasi kwamba kosa la kweli likitokea hawalioni tena. Inauma zaidi kuyaona hayo hapa Unguja, maana mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja, lugha ya mji huu huu, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu.

Dawa iko kwenye dirisha la mipangilio. Naeleza kwa LibreOffice, kwa kuwa ni ya bure na ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Programu hii imetokana na OpenOffice, ile ambayo mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitolea toleo la Kiswahili, Jambo OpenOffice.

Bonyeza Alt na F12 kwa pamoja. Katika orodha ya kushoto tafuta sehemu ya lugha, kisha nenda kwenye lugha ya msingi ya hati. Utakuta Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Chagua chenye alama ndogo ya ABC na tiki pembeni, maana alama hiyo inaonyesha kwamba kamusi yake imo kwenye mashine. Ukichagua lugha isiyo na alama hiyo, mistari myekundu itaondoka, lakini hakuna kitakachokaguliwa.

Hapo hapo kuna kisanduku cha kutia tiki ukitaka mabadiliko yahusu hati hii tu. Wengi hukipita, na kwa anayechapa kwenye kompyuta ya watu hakuna kilicho muhimu kuliko hicho. Mipangilio ya jumla hukaa kwenye mashine, katika faili la mtumiaji, na mteja atakayekuja baada yako ataikuta na pengine kuibadilisha. Ukitia tiki, lugha huhifadhiwa ndani ya hati yenyewe. Ukiibeba kwenye flashi hadi chuoni Tunguu, itafunguka ikiwa bado ya Kiswahili. Ila maandishi uliyoyabandika kutoka hati nyingine huweza kuja na lugha yake, kwa hiyo chagua yote kwa Ctrl na A, uyape lugha upya.

Sasa vitufe vya chini. Apply huyatumia mabadiliko na kuliacha dirisha wazi. OK huyatumia na kulifunga. Cancel hulifunga na kuyaacha yale ambayo hujayatumia, na alama ya X ya pembeni hufanya vivyo hivyo. Mtu hubadilisha lugha kwa uangalifu wote, akafunga kwa X, kisha akailaumu programu. Na jambo ambalo umeshalipitisha kwa Apply halirudishwi na Cancel.

Kuna dirisha la pili ambalo kwa Kiswahili ni la lazima: la masahihisho ya moja kwa moja, lililomo kwenye menyu ya Tools. Ukiandika ng'ombe au kung'oa, programu huipindisha ile ritifaa iliyonyooka ikawa alama ya kufungia nukuu. Kwa jicho tofauti ni ndogo mno. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili: iliyonyooka ni U+0027, iliyopinda ni U+2019. Hati moja ikiwa na zote mbili, neno lile lile laweza kupangwa mahali pawili kwenye faharasa, na programu isiyozilinganisha italikosa unapolitafuta. Kwa mtu anayekusanya methali au anayetunga kamusi, huo ni uharibifu wa kazi. Nenda kwenye ukurasa wa alama za nukuu, ondoa tiki kwenye nukuu moja, ubonyeze OK.

La mwisho ni umeme. Kisiwa kizima kilikaa gizani kwa takribani mwezi mmoja mwaka 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu katika njia ya umeme utokao bara kupitia chini ya bahari. Waya mpya wa megawati 100 ulikamilika 2013, lakini kukatika kwa dakika chache kunatosha kupoteza kurasa. Rudi Alt na F12, sehemu ya kupakia na kuhifadhi. Muda wa kuweka akiba ya dharura kwa kawaida ni dakika 10, ufanye 2. Akiba hiyo haichukui nafasi ya Ctrl na S, kwa hiyo endelea kuhifadhi mwenyewe. Umeme ukirudi, programu itakuletea orodha ya hati zinazoweza kuokolewa. Isome kwanza, uziokoe, na usibonyeze kitufe cha kuzitupa kwa haraka ya kutaka kuendelea na kazi.