Linux ipi imfaayo mgeni? Mambo ya kupima kabla ya kufuta Windows

KATIKA maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue, katikati ya jiji la Nairobi, vipakatalishi vilivyotumika ng'ambo huuzwa kwa bei nafuu kuliko vipya. Vingi vilikuja na Windows 10, mfumo ambao kampuni ya Microsoft ilikoma kuuhudumia kwa kawaida mnamo Oktoba 14, 2025.

Mashine hizo bado huwaka. Hata hivyo, asiyejiandikisha kupata nyongeza ya muda hapati tena marekebisho ya kuziba mianya inayotumiwa na wezi wa mtandaoni.

Windows 11 nayo hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa mpya kiasi, hivyo huzikataa tarakilishi nyingi za zamani.

Hapo ndipo wengi hugeukia Linux, mfumo ambao msingi wake ulibuniwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland. Hutolewa bila malipo. Kinachomtatiza mgeni si bei bali wingi wa aina zake, kila moja ikisifiwa na wafuasi wake.

Jambo la kwanza la kupima ni nguvu ya mashine. Yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi huweza kuendesha Linux Mint, aina iliyoanzishwa mwaka 2006. Menyu yake iko chini kushoto, hivyo aliyezoea Windows hapotei. Mashine dhaifu zaidi inafaa ipewe Mint yenye sura ya Xfce, ambayo ni nyepesi.

Ubuntu, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, ina watumiaji wengi na maelezo tele. Lakini mpangilio wa skrini yake ni tofauti na wa Windows, nayo huhitaji mashine yenye nguvu zaidi.

Jambo la pili ni kazi. Programu ya LibreOffice hufungua hati za Word na Excel, na huduma za eCitizen hupatikana kupitia Firefox. Lakini Photoshop haikutengenezewa Linux, na lahajedwali zenye makro za Excel huenda zisifanye kazi sawasawa. Mpiga picha au mhasibu anayezitegemea asifanye pupa.

La tatu ni msaada. Aina ambayo rafiki au fundi wa karibu anaifahamu humfaa mgeni kuliko ile inayosifiwa na watu asiowajua. Pia achague toleo la kutunzwa kwa muda mrefu, Ubuntu 24.04, kwa mfano, iliahidiwa marekebisho ya miaka mitano.

Mint na Ubuntu zote huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi ya gigabaiti 8 bila kugusa diski. Jaribio hilo huonyesha iwapo Wi-Fi, sauti na printa zinafanya kazi. Atakayeridhika ahifadhi kwanza nakala za faili zake kwingineko, kwani chaguo la kufuta diski wakati wa kusakinisha huondoa kila kitu.

Anayenunua kipakatalishi cha mtumba anaweza kwenda dukani na flashi hiyo, akamwomba muuzaji akiwashe nayo kabla ya kulipa. Kasoro itakayoonekana hapo bado ni ya muuzaji.