Mzigo wa Kaiti Ubebwe na Kiuno, Si Vidole

Msimu wa kusi ukishika, Paje na fukwe nyingine za mwambao hujaa wachezaji wa kaiti, ile tiara kubwa inayomvuta mtu juu ya maji, na upepo ukivuma siku kadhaa mfululizo malalamiko huwa yale yale: vidole vimekakamaa asubuhi, kigasha kinawaka moto, kiganja kimekufa ganzi. Wenyewe kwa wenyewe hushauriana kuimarisha mkono: minya mpira, vaa glavu, meza dawa urudi majini. Ushauri huo unakosea chanzo. Mara nyingi mkono unaouma si dhaifu, bali umetwishwa kazi isiyo yake.

Chombo chenyewe ni ushahidi. Kamba za kati, zinazobeba sehemu kubwa ya mvuto wa kaiti, hupita katikati ya mpini unaoshikwa mikononi na kuishia kwenye kulabu ya mkanda wa kiunoni. Kamba za nyuma ndizo zilizofungwa kwenye ncha za mpini, kwa ajili ya kugeuza kaiti na kuongeza au kupunguza nguvu. Mkono basi umeachiwa usukani tu. Lakini mchezaji akiingiwa na hofu hukaza vidole na kuuvuta mpini kifuani, na kuuvuta ndiko kunakoiongezea kaiti nguvu. Nguvu ikizidi, hofu nayo huzidi, anakaza tena. Ndiyo maana mwalimu mzuri humzoesha mwanafunzi mapema kuuachia mpini, aone kaiti inavyopungua nguvu papo hapo.

Misuli mikuu ya kukunja vidole haiko vidoleni. Iko kwenye kigasha, na huvuta kwa kano ndefu. Kano tisa hupita pamoja na neva moja katika njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Misuli ikikazwa bila kupumzishwa hubana mishipa yake ya damu, ikachoka na kuuma. Kano zikisuguliwa mno, ala zake huvimba, na uvimbe katika njia ile huibana neva: hapo ndipo hutoka ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati. Misuli ya nyuma ya kigasha nayo hukaza ili kifundo kisiyumbe, kwa hiyo wengine huumwa upande wa nje wa kiwiko wasijue kwamba chanzo ni kubana mpini.

Kuna watakaosema glavu zinawasaidia. Zinasaidia ngozi isitoke malengelenge, na hilo si dogo. Ila kitambaa kinene huunenepesha mpini na kupunguza hisia, hivyo vidole hubana zaidi. Mazoezi ya nguvu yana faida pia, hasa kufungua vidole dhidi ya ukanda wa mpira, kwa kuwa misuli ya kufungua husahauliwa. Wanaojitoa kwenye kulabu ili waruke kwa mitindo kweli hubebwa na mikono. Hao wanahitaji nguvu hiyo na mapumziko marefu. Kwa wengine wote, dawa ya kwanza ni kurekebisha chombo. Chagua kaiti inayolingana na upepo wa siku hiyo. Vuta ugwe wa kupunguza nguvu mpaka kaiti itulie huku viwiko vyako vikiwa vimekunjika kidogo, si vimenyooka wala kubanwa kifuani. Weka kidole gumba juu ya mpini pamoja na vingine, na ukiwa unateleza kwa utulivu shika kwa mkono mmoja, mwingine uukung'ute.

Dawa ya maumivu kabla ya kuingia majini nisingeishauri, kwani huficha onyo wakati mzigo bado upo. Ganzi inayokuamsha usiku, kidole kinachokwama kikikunjwa, au uvimbe usiopungua kwa mapumziko, vinahitaji daktari. Na kidole kilichokatwa na kamba, au kilichoshindwa ghafla kukunjika, kipelekwe hospitali siku hiyo hiyo: kano iliyokatika ikicheleweshwa hujivuta ndani, na kuishona huwa kazi ngumu zaidi.